Jina la Noeline Katika Mkataba

Kila siku Noeline Pascoe ndiye aliyeamka kwanza. Aliwasha jiko la kuni, akateleka uji wa shayiri, kisha akaenda kugonga mlango wa kaka yake.

"Merv! Uji."

"Nimeamka zamani."

"Umeamka, lakini hujainuka."

"Mtu wa miaka sabini na tisa hainuki, dada. Anajikusanya."

Noeline akacheka, akarudi jikoni. Walikuwa ndugu wawili wazee katika nyumba ya zamani, juu ya kilima, katika mji wa bandari wa Timaru, kusini kabisa mwa dunia. Mervyn alikuwa fundi seremala maisha yake yote. Alikuwa akinunua nyumba mbovu, anaibomoa hapa, anaiziba pale, anaipaka rangi, kisha anaiuza. Mkewe Beryl alikuwa amefariki, na hawakujaliwa watoto. Noeline alikuwa mdogo kwake kwa miaka kumi na moja. Hakuolewa. Alibaki nyumbani kumwuguza mama yao mpaka mama akafariki. Kisha akabaki kumpikia kaka yake.

Nyumba hiyo ilikuwa ya baba yao. Baba alipofariki iliandikwa kwa jina la Mervyn, kwa kuwa ndiye mwana wa kiume. Watu wengi wa zamani walifanya hivyo, na Noeline hakuuliza. Mervyn hakuwahi hata siku moja kusema "nyumba yangu". Alisema "kwetu". Noeline akaridhika na neno hilo.

Tatizo lao lilikuwa ngazi. Kutoka barabarani mpaka mlangoni zilikuwa ngazi za mawe, nyingi na nyembamba. Majira ya baridi upepo ulivuma kutoka kusini, ngazi zikashika barafu. Asubuhi moja Mervyn alitoka kuchukua kuni. Noeline alisikia kishindo, akatoka mbio na mwiko mkononi. Akamkuta kaka yake amekaa chini, kuni zimetawanyika, anashika goti.

"Umevunjika?"

"Sijui. Goti linasema moja, mimi nasema lingine."

Hakuwa amevunjika. Lakini wiki nzima alishinda kitini, naye si mtu wa kushinda kitini. Siku ya saba akaweka kikombe chake chini.

"Nyumba hii imetushinda, Noeline. Tuuze. Twende kile kijiji cha wastaafu, Lark Downs. Hakuna ngazi kule. Nyumba zote ziko chini, zina joto, na kuna kengele ya kuita mtu ukianguka."

Noeline alitazama jiko, akatazama kabati la mama yake.

"Sote wawili?"

"Sasa nani atanipikia? Trudy?"

"Trudy ni nani?"

"Yule mama wa mauzo wa kule. Nimeshampigia simu."

*

Jumamosi kijiji kilifungua milango kwa wageni. Noeline aliamka mapema kuoka skonzi za jibini. Kwenda mahali mikono mitupu ni aibu, hata kama wenyeji wana chakula chao. Alizifunika kwa kitambaa safi, akazipakata garini njia nzima.

Mervyn naye alibeba kitu chake. Alibeba futi ya kupimia.

Trudy aliwapokea kwa tabasamu, akawaonyesha nyumba yenye vyumba viwili vya kulala. Ilikuwa safi na ina harufu ya rangi mpya. Mervyn hakuangalia jiko wala bafu. Aligonga kuta kwa vidole, akatega sikio. Akafungua na kufunga mlango mara tatu. Kisha akatoka nje upande wa kaskazini, jua linakopiga, akavuta futi yake kutoka ukutani mpaka kwenye majani.

"Unapima nini, Bwana Pascoe?" Trudy aliuliza.

"Baraza. Nitaweka baraza la mbao hapa. Nyumba bila baraza ni kama koti bila mifuko. Na bei itapanda."

Trudy alicheka kidogo. "Hilo tutalizungumza."

"Na dada yangu atachukua chumba cha nyuma," Mervyn alisema.

"Ah. Bi Noeline ana miaka mingapi?"

"Sitini na minane," Noeline alijibu mwenyewe.

"Utaratibu wetu ni kwamba mkazi awe amefika sabini. Lakini msiwe na wasiwasi. Mkataba utakuwa wa Bwana Mervyn, na wewe utakaribishwa kama mgeni wake. Wageni wetu tunawapenda sana."

Trudy alisema kwa moyo mzuri, na Noeline aliona hivyo. Akashukuru.

Ukumbini kulikuwa na chai. Noeline aliweka sahani yake mezani, akatafuta kiti. Mama mmoja mnene mwenye nywele nyeupe akamvutia kiti kilichokuwa pembeni yake.

"Kaa hapa, shoga. Hizi skonzi ni zako? Zitanikosesha adabu. Hii ni ya tatu."

"Kula, zimeletwa ziliwe."

"Mimi naitwa Huia. Nilifundisha watoto wa chekechea miaka yote, ndiyo maana nasema kwa sauti. Mnahamia?"

"Kaka yangu amenunua ile nyumba ya mwisho. Yaani anataka kununua."

Huia alifuta makombo kidevuni. "Hapa hakuna anayenunua, mwenzangu. Sote tunasema tumenunua, kwa sababu tumezoea kusema hivyo. Hata mimi nasema. Lakini mimi hapa sina nyumba. Nina haki ya kukaa ndani ya nyumba. Nitakaa mpaka nichoke au mpaka Mungu achoke na mimi. Wewe je? Jina lako liko kwenye mkataba?"

"La. Mimi nitakuwa mgeni wake."

Huia aliacha kutafuna.

"Mgeni," alisema polepole.

"Kwa sababu ya umri. Sijafika sabini."

Huia alisogeza kiti karibu, akapunguza sauti yake kubwa.

"Nisikilize. Ile nyumba karibu na lango alikuwa anakaa mzee mmoja na mwenzake. Mama mpole, anafuma sweta. Mkataba ulikuwa wa mzee peke yake. Mzee akafariki. Mzee alipofariki, haki yake ikaisha. Ya mama haikuwepo tangu mwanzo. Akapewa muda wa kufungasha."

"Walimfukuza?"

"Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyemwambia neno baya. Siku ya kuondoka walimletea hata keki. Lakini aliondoka."

Noeline alitazama upande wa pili wa ukumbi. Mervyn alikuwa amezungukwa na wazee wanne, anawaeleza jinsi ya kujenga baraza.

*

Siku mbili Noeline aliyazungusha maneno ya Huia kichwani. Alimenya viazi, akakaanga nyama ya kondoo, akafua, akaanika. Mervyn alikuwa anachora. Alichora baraza kwenye mgongo wa bahasha, akachora tena kwenye gazeti.

"Angalia hapa," alisema jioni ya pili. "Nikishamaliza hili, nyumba ina thamani zaidi. Siku nikiondoka mimi, unaiuza. Unapata pesa nzuri. Unajinunulia mahali padogo, unatulia. Nimekufikiria, unaona?"

Noeline aliketi. Mikono yake ilikuwa na maji bado.

"Merv, itakuwa yako ya kuuza?"

"Nini?"

"Ile nyumba. Huia anasema hatuinunui. Anasema ni haki ya kukaa tu. Na mimi sitakuwa nayo."

"Huia nani?"

"Mwalimu wa chekechea. Aliyekula skonzi."

Mervyn aliweka kalamu chini kwa nguvu. "Mimi nimenunua nyumba ngapi katika mji huu? Nusu ya barabara hii nimeipitia kwa nyundo. Leo mwalimu wa chekechea atanifundisha nyumba?"

"Sikusema anakufundisha. Nasema tuulize."

"Ijumaa naenda kwa wakili. Nitauliza."

"Nitakuja."

"Kufanya nini? Mkataba ni wangu."

"Kwa sababu na mimi nitalala humo," Noeline alisema.

Mervyn aliinua macho kutoka kwenye mchoro wake. Hakuwa amezoea sauti hiyo kwa dada yake. Hata Noeline mwenyewe hakuwa ameizoea. Akainuka, akaenda kumalizia vyombo.

Usingizi ulimjia kwa shida. Akawaza, nyumba hii ikishauzwa, hakuna kurudi. Merv akitangulia, nitakwenda wapi? Kwa Janelle, binti wa marehemu dada yetu, ng'ambo ya bahari huko Brisbane? Nikalale kwenye kochi la watu nikiwa na miaka themanini?

*

Wakili Leota alikuwa mwanamke kijana, wazazi wake wametoka Samoa. Alivaa miwani mikubwa, na mezani kwake palikuwa na picha ya mtoto asiye na meno. Aliwakaribisha wote wawili. Akavuta kiti cha Noeline mbele, kikawa sawa na cha Mervyn.

"Mzee Pascoe, kabla hujashika kalamu, sheria inataka wakili akueleze mkataba huu mpaka uuelewe. Mimi ni wakili wenu, si wa kijiji. Kwa hiyo uliza chochote."

"Nimeshauelewa. Nanunua nyumba ya vyumba viwili."

"Hununui, mzee."

"Sasa pesa zote zile ni za nini? Za kutazama bustani?"

Wakili alitabasamu. "Za haki ya kukaa. Nyumba inabaki mali ya kijiji, na ardhi pia. Wewe unapata haki ya kuishi humo maisha yako yote, ukifuata masharti. Lakini hupati hati ya nyumba. Huwezi kuiuza, huwezi kuipangisha, wala huwezi kumwachia mtu urithi."

"Huo si wizi?"

"Si wizi, maana mpango huu umeandikwa wazi. Na wengi wanaupenda. Paa likivuja, si shida yenu. Majani yakikua, si shida yenu. Mkianguka, mnabonyeza kengele na mtu anakuja. Hayo ndiyo mnayolipia. Shida inakuja pale mtu anapodhani amechukua kitu kimoja, kumbe amepewa kingine."

Noeline aliinua mkono kidogo, kama mtoto darasani. Kisha akauteremsha, akauliza tu.

"Mtu akiondoka, pesa zake zinakuwaje?"

"Swali zuri, mama. Zinarudi, lakini zimepungua. Kila mwaka kijiji kinakata sehemu, mpaka kufika kikomo. Kwa mkataba huu kikomo ni zaidi ya robo ya mlichotoa. Na zinarudi pale kijiji kinapompata mkazi mwingine wa nyumba hiyo, si siku ileile. Tena kuna ada ya kila wiki, ambayo mnalipa muda wote mnaokaa."

"Na bei ikipanda?" Mervyn aliuliza.

"Nyongeza hiyo ni ya kijiji."

"Hata nikijenga baraza kwa mbao zangu? Kwa mikono yangu?"

Wakili Leota alivua miwani. "Mzee, wewe ni fundi. Umewahi kumjengea mteja baraza?"

"Mengi sana."

"Ulipomaliza, baraza lilikuwa la nani?"

Mervyn alikuwa karibu kujibu haraka, akasita. Alitazama mikono yake.

"La mteja," alisema. "La mwenye nyumba."

Nje lori la magogo lilipita kuelekea bandarini, vioo vikatetemeka.

"Kuna mpango mwingine?" Noeline aliuliza.

"Upo. Viko vijiji vichache ambavyo mtu ananunua kweli na kupewa hati yake, ingawa bado anafuata masharti ya kijiji na analipa ada. Kuna pengine mnapanga kwa kodi kama nyumba nyingine. Kila mpango una uzuri wake na uzito wake. Mnaweza kuchagua huu huu wa haki ya kukaa, na ukawafaa sana. Lakini nina swali moja." Wakili alifunua kurasa za mkataba. "Nani atalala chumba cha pili?"

"Dada yangu," Mervyn alisema.

"Simwoni humu."

"Hajafika umri. Atakuwa mgeni wangu. Trudy amekubali."

"Amekubali akae pamoja nawe. Siku usipokuwepo, mgeni wa nani?"

Mervyn aliuvuta mkataba, akapitisha kidole kwenye mistari.

"Mkataba huu una jina moja," wakili aliendelea taratibu. "Jina hilo likiondoka, haki inaisha. Mama Noeline atapaswa kutoka. Pesa zitakazorudi zitaingia katika mali yako. Kama huna wosia, zitagawanywa kwa sheria, si kwa yale uliyokusudia moyoni."

"Mimi nisingekubali atolewe!"

"Mzee, utakuwa umeshazikwa."

Maneno hayo yalikuwa makavu, lakini aliyasema kwa upole. Mervyn alimgeukia dada yake. "Noeline. Mimi nilidhani... Nyumba ya baba ilikuwa kwa jina langu, na wewe ulikaa. Nilidhani ni vilevile."

Noeline alikunja na kukunjua kamba ya mkoba wake.

"Baba alipokufa, sikuuliza," alisema. "Mama alipokufa, sikuuliza. Wewe ulikuwa mtu mwema, kwa hiyo nilibahatika. Lakini nilikaa miaka yote hiyo kwa wema wako, Merv. Ningetaka sasa nikae kwa haki yangu."

Mervyn alitoa leso, akapenga kamasi kwa kishindo. "Hukuwahi kuniambia."

"Hukuwahi kuniuliza."

"Basi leo mmeulizana," wakili alisema, akavaa miwani yake tena. "Ndugu wawili wanaweza kuandikwa pamoja, kama mume na mke wanavyoandikwa. Mmoja akitangulia, mwenzake anabaki, na haki inaendelea. Suala la umri kijiji kinaweza kulilegeza kikitaka. Nendeni mkawaombe. Wakikubali, kukubali kwao kuingie ndani ya mkataba. Ahadi ya mdomo, hata ya mtu mwema kama Trudy, itaondoka siku Trudy akihamishwa kazi. Na hata mkishatia saini, sheria inawapa siku kumi na tano za kazi za kujifikiria upya. Mkijuta ndani ya siku hizo, mnavunja mkataba na kurudishiwa pesa zenu."

*

Walirudi Lark Downs siku hiyohiyo. Safari hii Mervyn hakubeba futi.

"Mwandikeni dada yangu," alimwambia Trudy, hata kabla ya kukaa.

"Bwana Pascoe, ule utaratibu wa sabini..."

"Utaratibu ni wenu. Dada ni wangu. Asipoandikwa, hatuji."

Noeline alimgusa mkono. "Merv, mwache mtu apumue. Bi Trudy, tunaomba jambo moja tu. Tunaomba niwe mkazi kama yeye, majina mawili, mkataba mmoja. Kama haiwezekani, tuambie wazi. Tutatafuta pengine bila chuki."

Trudy aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Tabasamu lake la kazi lilitoka, akabaki na uso wake wa kawaida.

"Mama yangu anakaa kwa kaka yangu," alisema. "Sijawahi kufikiria jambo hili. Ngoja nilipeleke kwa wakubwa."

Kungoja kulikuwa kugumu. Simu ilipolia, Noeline aliiacha ilie, kisha akaikimbilia. Mara ya kwanza ilikuwa mtu wa kuuza madirisha. Mara ya pili Janelle kutoka Brisbane, kuwajulia hali. Mara ya tatu Trudy.

"Wamekubali," alisema. "Umri wako hauko mbali na sabini, na wewe ni ndugu yake. Utakuwa mkazi kamili. Nimempelekea wakili wenu ukurasa mpya."

"Na baraza?" Mervyn alipaza sauti kutoka kitini.

"Mwambie baraza hapana."

"Amesema nini?"

"Amesema hapana, Merv."

"Kijiji cha watu wasiopenda jua," Mervyn alinung'unika. Lakini alikuwa anacheka.

Walitia saini mbele ya wakili Leota, ukurasa baada ya ukurasa. Mervyn aliandika haraka. Noeline aliandika polepole, kila herufi, kama mtu anayedarizi kitambaa. Alipomaliza aliliangalia jina lake kwa muda.

"Limekaa vizuri?" wakili aliuliza.

"Limekaa," Noeline alisema.

Siku hiyo pia kila mmoja aliandikisha wosia wake, maana wakili hakuwaacha waondoke bila hiyo.

Nyumba ya kilimani ikauzwa, wakahamia mwanzo wa kiangazi. Mervyn hakujenga baraza. Alitengeneza benchi refu la mbao nzito, lisilopigiliwa msumari popote, akaliweka upande wa jua. "Hili halijashika ukuta," alimwambia kila aliyepita. "Hili ni letu." Huia alikuwa analikalia kila siku, na Mervyn alilalamika kila siku kwamba atalivunja.

"Umejenga benchi au kiti cha mwanasesere?" Huia alimjibu.

*

Mervyn alifariki majira ya baridi ya pili. Alilala mchana baada ya supu, hakuamka. Noeline alimkuta, akakaa naye kitandani mpaka mikono yake ikapoa.

Baada ya mazishi watu walikusanyika ukumbini. Kila mmoja alikuja na sahani: sandwichi za mayai, keki za tangawizi, soseji. Mafundi wazee walisimama pembeni wakihesabu nyumba ambazo Mervyn aliwasaidia kujenga. Huia alisema maneno machache, kwa sauti iliyofika mpaka barabarani.

Janelle alikuwa amekuja kwa ndege kutoka Brisbane. Watu walipotawanyika, alimsindikiza Noeline nyumbani. Kisha akatoka kwenda kwenye gari la kukodi, akarudi na rundo la maboksi mapya.

"Mama mdogo, nimeyapitia dukani. Nina siku nne tu kabla ya kurudi kazini. Tuanze na jikoni? Wamekupa muda gani?"

"Muda wa nini?"

"Wa kuhama." Janelle alikuwa ameshafungua boksi la kwanza. "Najua nyumba ilikuwa ya mjomba. Nimeshazungumza na mume wangu, Craig. Tutakuwekea kitanda kwenye chumba cha kompyuta. Si kikubwa, lakini..."

Mlango uligongwa. Alikuwa Trudy, koti lake la kazini bado limelowa mvua. Janelle alisimama haraka mbele ya Noeline, kama mtu anayemkinga na upepo.

"Pole tena, Bi Noeline," Trudy alisema. "Nimepita tu. Kesho fundi anakuja kukagua vipasha joto vya nyumba zote. Aje kwako saa tatu, au upumzike, aje wiki ijayo?"

"Aje kesho. Nitakuwepo."

"Sawa. Na chai ya Jumanne, usijilazimishe. Tutakuwekea kiti tu."

Trudy akaenda zake. Janelle alibaki ametazama mlango.

"Hajasema kitu cha kuhama," alinong'ona.

"Hana cha kusema. Jina langu limo." Noeline alivuta kiti, akaketi. Miguu ilikuwa inamuuma. "Tuliandikwa wawili. Mmoja akitangulia, mwingine anabaki. Nyumba si yangu, Janelle, wala haikuwa ya mjomba wako. Ni ya kijiji. Siku nitakapoondoka, watachukua makato yao na kinachobaki kitakwenda kama nilivyoandika kwenye wosia. Lakini haki ya kukaa ni yangu. Mjomba wako aliligombania jina hilo, mzee yule."

Akalia hapo, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Janelle alipiga magoti, akamshika. Walikaa hivyo mpaka kilio kikapita.

Kisha Janelle alianza kuyakunja maboksi. Alibaki na moja, kwa nguo za Mervyn zitakazopelekwa kwenye duka la mitumba la hospitali. Noeline aliweka birika jikoni. Akatoa vikombe viwili, akaangalia kile cha Mervyn kabatini, akakiacha mahali pake.

"Na ninyi kule Brisbane," aliuliza huku akimimina, "nyumba yenu mmeiandika kwa jina la nani?"

Janelle aliweka boksi chini.

"La Craig," alisema. "Alikuwa anashughulikia mambo ya benki, mimi nilikuwa na mtoto mchanga, basi tukaona..."

"Kaa, mwanangu," Noeline alisema, akamsogezea kikombe. "Chai bado ya moto. Tuzungumze."